Niliombwa niseme mtaa hauna maji, nikaishia kushukuru dakika tatu

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Na nyie mlio kazini mnajifanya mko bize na kompyuta, nawaona, sogeeni.

Haya ninayoandika yamenitokea mie mwenyewe. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri zaidi, maana sijawahi kuona mtu anatunga uongo wa kujidhalilisha.

Mie ni mtu wa makamo, kazi yangu ya ofisini iko Temeke, kwangu ni Madale. Nyumba iko juu kilimani. Siku nanunua kiwanja dalali aliniambia, "Bosi, huku upepo mwanana mwaka mzima." Hakudanganya, upepo upo. Maji ndiyo huwaga yanashindwa kupanda.

Humu mnanijua. Mie ndiye yule ambaye uzi wa siasa haupiti bila kuweka neno. Waziri akikohoa, nimo. Nimeshaandika sana humu kwamba wananchi waoga, wakiwekewa maiki wanageuka kondoo. Mkitafuta mtaona.

Naomba msitafute.

Ishu ilianza hivi. Bomba la mtaa wetu lilikauka. Wiki ya kwanza tukasema kawaida. Ya pili tukapiga simu, tukajibiwa mafundi wako site. Kufika ya tano watu wazima na heshima zetu tunashuka bondeni kisimani na ndoo, kwa sababu maboza ya maji nayo yaligoma kupanda kile kilima chenye mchanga.

Nina jirani anaitwa Bi Somoe, mama mtu mzima, mjane, Mmakonde wa Newala. Anauza vitumbua asubuhi, na nusu ya mtaa inakunywa chai kwa sababu yake. Siku moja alikuwa anapanda na ndoo kichwani, akateleza, akaangukia mkono. Ukavunjika. Akafungwa lile plasta gumu, hogo, mpaka kwenye kiwiko.

Vitumbua vikaishia hapo. Kwa mkono mmoja utapiga unga saa ngapi, utageuza saa ngapi?

Basi kuna mtu mtaani akawasiliana na online TV moja, wakasema wanakuja kuturekodi. Kwenye group la mtaa likaulizwa swali, nani ataongea? Jina likatoka moja tu.

Langu.

Nikajifanya nakataa kidogo, kama bwana harusi anayeombwa acheze. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuchagua shati. Mama Neema, mke wangu, alinikuta mbele ya kioo akaniangalia wee.

"Unaenda kulalamika hamna maji na shati jeupe limefuliwa likapigwa pasi? Si watajua maji yapo?"

Nikabadilisha, nikavaa la mistari.

Nilipotoka nje Bi Somoe alikuwa getini. Akanishika mkono kwa ule wake mzima.

"Baba Neema, mie kusema sijui. Wewe umesoma. Waambie na huu mkono wangu."

"Bi Somoe, hilo niachie mie."

Niliyasema hayo kwa sauti nzito kabisa, wakuu. Niliyasikia mwenyewe nikajipenda.

Sasa nyumba ya pili kulikuwa na shughuli, singeli inapigwa mpaka mabati yanatikisika. Yule dada mwandishi, anaitwa Leila, akasema sauti haitatoka vizuri, tusogee mpaka mwisho wa barabara. Tukaenda watatu tu: mie, yeye na mpiga picha. Majirani wakabaki kule wananipungia kama natangulia mbele ya haki.

Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Maiki ikaja mdomoni.

Baada ya pale, wakuu, ninachokumbuka ni moyo tu. Ulikuwa unapiga kuliko ile singeli. Nakumbuka niliongea, tena kwa muda mrefu. Nakumbuka mkono wangu mmoja ulikuwa unakata hewa kama wa mtu asiyetaka mchezo.

Nikarudi kwa majirani natoka jasho. Wakauliza vipi? Nikawaambia, "Nimewapa makavu. Leo kuna watu chakula hakitapita." Nikapigwa mabegani. Ndani nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini kwamba likinikuta la kunikuta, cheti cha kuzaliwa cha Neema kiko kwenye begi jeusi juu ya kabati.

Yaani niliaga.

Kesho yake mchana niko ofisini, klipu ikatoka. Kichwa cha habari: MKAZI WA MADALE AFUNGUKA, "TUNASHUKURU SANA KWA MAENDELEO."

Nikabonyeza. Ni mie. Shati la mistari, natabasamu mpaka magego yanaonekana, nashukuru viongozi. Sekunde arobaini, maji hayajatajwa hata tone.

Group la mtaa likawa kimya kama msibani. Halafu mmoja akatuma picha ya chawa, yaani mie ni wa kujipendekeza kwa wakubwa. Mwingine chawa. Wa tatu chawa amevaa tai.

Jioni nafika njia panda, bodaboda wote wakasimama. "Mheshimiwa, uteuzi lini? Usitusahau!" Ofisini bosi, ambaye siku zote ananijua kama mtu wa kubishana, akaniuliza kwa upole kabisa kama nina mpango wa kugombea.

Na humu je? Kuna member aliileta ile klipu humu humu. Mkaicheka kurasa nne. Mie nikaingia na ID hii hii nikaandika, "Huyu jamaa namfahamu, ni mpambanaji, hao wamemkata maneno yake." Komenti ya kwanza chini yangu: "Mkuu, mbona unamtetea kama ni wewe?"

Nikatoka jukwaani siku tatu. Aliyeandika ile komenti, haki yako hiyo, kunywa maji mahali yalipo.

Mtu mmoja tu hakunitania, Bi Somoe. Aliniuliza tu kwa kupitia kwenye michongoma, "Na mkono wangu je, walikataa kuuonyesha?"

"Wamekata, Bi Somoe. Nilisema yote, wao wamekata."

Na wallahi niliamini. Ndicho kinachoniumaga mpaka leo, sikuwa namdanganya. Nilikuwa naona kabisa kichwani nikisema.

Nikapanga kwenda ofisini kwao nidai video nzima. Nikasema lazima niende na shahidi ili mtaa usafishe jina langu. Shahidi gani bora kuliko Bi Somoe? Akavaa baibui lake la kutokea, mkono kaufunga na mtandio shingoni, tukapanda bajaji mpaka Kinondoni. Njia nzima namweleza jinsi vyombo vya habari vya siku hizi vilivyooza. Yeye anaitikia tu, "Ee, ndo hivyo."

Leila alitupokea vizuri. Akampa Bi Somoe shikamoo na kiti. Nikaanza kufoka, akanisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika.

"Kaka yangu, mie sijakukata. Nilitafuta kipande chenye afadhali. Karibu uone yote."

Akageuza kompyuta.

Wakuu, video nzima ni dakika nne na ushee. Nilianza kwa kumshukuru Mungu. Nikashukuru viongozi kuanzia ngazi ya taifa mpaka ya shina. Nikashukuru kwa umeme. Nikashukuru kwa usalama. Nikashukuru kwa barabara, na nyuma yangu kwenye picha unaliona kabisa lile korongo tunaloliita barabara, na gari la mtu limelala pembeni.

Kwenye dakika ya nne ndiyo nikasema, namnukuu huyo mjinga, "Ila changamoto ndogo ndogo hazikosekani, kama suala la maji kidogo, lakini tuna imani linashughulikiwa." Ule mkono uliokuwa unakata hewa, kumbe nilikuwa nafukuza nzi.

Nikafikiri imeisha. Halafu sauti ya Leila ikasikika, inauliza vizuri kabisa, "Je, kuna mwananchi yeyote aliyeathirika na tatizo hili?"

Na mie, bila hata kumeza mate: "Hapana, kwa kweli wananchi wametulia."

Sikuthubutu kugeuka. Nilikuwa naliona lile hogo kwa pembe ya jicho, jeupe, limelala kwenye mtandio.

Bi Somoe hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

"Hawajakukata, Baba Neema. Mwanangu, uliogopa nini? Si mlikuwa watatu tu?"

Leila akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Tukarudi Madale kwa bajaji. Na mie habari za vyombo vya habari ziliniisha siku hiyo.

Mngesema limekwisha. Subirini.

Siku mbili baadaye napigiwa simu na mtendaji wa mtaa, mtu ambaye simu zangu za maji alikuwaga hapokei. Sauti ya asali. "Kaka, klipu yako imewapendeza sana wakubwa. Jumamosi kuna kiongozi anakuja kwenye mkutano, tumekuweka utoe neno la shukrani kwa niaba ya wananchi."

Hapo ndipo mwanaume wa kweli anasema hapana.

Mie nilisema, "Sawa mheshimiwa, nashukuru sana kwa heshima hii."

Nikamweleza mke wangu. Akaweka mwiko chini. "Ukishukuru tena, mie na mwanangu tunaenda kwetu Iringa mpaka maji yatoke."

Nikavuka kwenda kwa Bi Somoe. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, nzuri, ina utangulizi.

"Shikamoo Bi Somoe. Awali ya yote, kama jirani yako wa siku nyingi..."

"Marahaba. Sema moja."

Ikabidi niseme moja. "Nisamehe. Nilisahau mkono wako." Halafu nikaona hata hiyo siyo. "Sikusahau. Niliogopa."

Akaniangalia. "Haya. Kaa."

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi. Nikamwomba Jumamosi aongee yeye.

"Mie kusema sijui, nilikwambia."

"Nisiyejua ni mie, Bi Somoe. Umeona mwenyewe."

Akacheka, mara ya kwanza tangu Kinondoni. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Jumamosi hema likafungwa, viti vya plastiki, muziki, mgeni akafika na msafara wake. MC akaita jina langu kwa mbwembwe. Nikasikia huku nyuma watu wanaguna, mmoja akasema "chawa" wazi wazi. Nikashika maiki, na Mungu ni shahidi, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Kwanza kabisa napenda kushukuru..."

Hema zima likacheka, kile kicheko cha kuchoka. Nikamwona Mama Neema amesimama mwisho kabisa, kashika mkono wa Neema, kama wanaotaka kuondoka.

Nikashusha maiki. MC akakohoa.

"Samahani," nikasema. "Huku maji hayatoki, mwezi wa pili sasa. Mwenye habari kamili ni jirani yangu yule pale."

Nikaanza kutembea na maiki kwenda alipokaa Bi Somoe. MC akanifuata anataka maiki yake. Akashika, nikashika. Tukavutana mbele ya mgeni kama kuku wanaogombea mnyoo. Sikuachia. Ndiyo ujasiri pekee nilioonyesha katika uzi huu wote, kuuandika naruhusiwa.

Bi Somoe akasimama.

"Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Mie naitwa Somoe. Sina hotuba. Naomba tu mtu mmoja hapo mbele aniulize mkono wangu umefanya nini."

Watu wa meza kuu wakaangaliana. Mwisho yule mgeni akaona hana njia, akainama kwenye maiki yake.

"Mama, pole. Mkono umefanya nini?"

"Nilikuwa nabeba maji."

Akakaa.

Wakuu, mie nimeandika humu miaka, aya kwa aya, na sijawahi kusema kitu kama kile.

Mgeni akawageukia wahusika wa maji hapo hapo. Wakaanza kueleza, akawauliza lini. Haikufika wiki mafundi wakaja kweli, wakahangaika, wakagundua kuna koki huko chini ilifungwa wakati wa matengenezo ikasahaulika. Koki! Sasa yanatoka siku mbili kwa wiki. Siyo peponi, ila hakuna anayeshuka na ndoo.

Klipu ya Bi Somoe alirekodi jirani kwa simu, inatikisika, haikufika popote. Yangu ya kushukuru bado inazunguka mpaka leo. Ndiyo dunia tuliyonayo.

Sasa nilichojifunza. Sisemi hakuna cha kuogopa, kila mtu anajua mazingira yake. Naongelea woga wangu mie. Nilikuwa nimeubeba miaka, nimeujengea na ghorofa. Baada ya ule mkutano nilikaa nasubiri kitakachonipata. Kilichonipata ni kwamba mtendaji hanisalimii.

Basi. Ni hicho tu. Mtu ambaye hata zamani alikuwa hanisalimii vizuri.

Kwa hiyo nauliza wakuu, nani humu alishawekewa maiki akajikuta anasema asichokusudia? Shusheni visa, nisibaki peke yangu. Na wa kunicheka karibuni, ila pangeni foleni. Mbele kabisa yupo Mama Neema, na hajamaliza.