Mtoto Aliyepona

Mimi ni mwoga, na sijawahi kumficha mtu hilo. Katika utoto wangu niliogopa radi, niliogopa ng'ombe wa jirani, niliogopa sauti ya baba akiniita kwa jina langu lote. Lakini hofu iliyonikalia muda mrefu kuliko zote niliipata nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, enzi za Mwingereza, katika nyumba ya mtu nisiyemjua, kando ya barabara ya Bukoba kwenda Muleba.

Wakati huo nilikuwa kwenye mafunzo ya dini katika misheni ya upande wetu. Tulikuwa wasichana tisa, na mtawa aliyetufundisha alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, asiyependa uvivu. Alitufundisha namna ya kumpelekea mgeni habari za Mungu bila kumchosha: msalimie kwanza, msaidie mzigo wake, uliza hali ya nyumbani kwake, kisha ukiona moyo wake umetulia ndipo useme neno. Kila Jumapili baada ya Misa tulikaa kwenye benchi, kila mmoja akasimulia amezungumza na nani juma lile. Wenzangu walikuwa na mengi. Mmoja alimpata muuza samaki, mwingine mke wa mganga. Mimi nilikaa mwisho wa benchi na kutazama vidole vyangu vya miguu, kwa sababu nikikutana na mgeni njiani nilisalimia, nikasaidia mzigo, nikauliza hali ya nyumbani, na hapo ulimi ulikufa.

Kulikuwa na somo moja nililolipenda, nalo ni ubatizo wa hatari. Mtoto mchanga akiwa anakufa na padre hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Tulifanya mazoezi kwa kibuyu. Mtawa alikilaza mapajani kama mtoto, akatuonyesha: maji yatembee kwenye ngozi ya paji la uso, yasiishie kwenye nywele, na maneno yasemwe maji yakiwa yanatembea. Nililijua somo lile vizuri kuliko wote. Kibuyu hakiulizi maswali.

Siku ya tukio nilikuwa natoka Kashozi kumwuguza shangazi yangu. Bukoba nilipata lori la mfanyabiashara lililokuwa linarudi Muleba, tukapanda juu ya magunia matupu ya kahawa, watu kama kumi na wawili. Kando yangu alikaa mwanamke wa mjini, Mwislamu, amejifunga kanga mbili safi, na mapajani mwake mtoto wa kiume wa miezi mitano hivi. Baba wa mwanamke huyo asili yake pwani, mama yake Mhaya wa Muleba, na sasa alikuwa anampeleka mtoto akaonwe na bibi yake kwa mara ya kwanza. Haya yote alinieleza kabla hatujaumaliza mji. Alikuwa msemaji, mwenye kucheka, na aliniita mdogo wangu tangu mwanzo. Nikamwita dada. Nilijiambia: huyu hapa, leo utasema neno. Sikusema.

Mvua ilitukuta njiani. Lori likazama kwenye tope mlimani, wanaume wakashuka kusukuma, na sisi wanawake wawili tukakimbilia msonge uliokuwa karibu na barabara, katikati ya kibanja cha migomba. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mjane. Alitukaribisha, tukaketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akatuletea maji kwenye kibuyu. Hapo ndipo dada alipomgusa mtoto shingoni akaacha kucheka. Mtoto alikuwa anawaka.

"Mae, kuna mululuza hapa?" alimwuliza bibi.

"Upo, waitu, hapo nje tu. Njoo nikuonyeshe."

Mvua ilikuwa imepungua. Dada akanigeukia, akaniwekea mtoto mikononi. "Nishikie, mdogo wangu, nichume majani yake ya homa nimwogeshe. Sichelewi."

Wakatoka. Nilikuwa nawasikia wakizungumza nje ya mlango na matawi yakivunjika.

Mtoto akakakamaa. Sikuwahi kuona degedege. Mwili mdogo ule uligeuka mgumu kama mti, macho yakapanda juu yakabaki meupe, midomo ikaingia rangi ya zambarau. Nilihisi haja ndogo inataka kunitoka. Kichwani mwangu, humo ambamo kwa miezi hamkupatikana neno la kumwambia mgeni, maneno yote ya somo la kibuyu yalikuja yamejipanga.

Nilichovya mkono kwenye maji ya bibi. Nikayamwaga kwenye paji la uso wa mtoto, mara tatu, nikahakikisha yanatembea. Nikanong'ona: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nilinong'ona ili wa nje wasisikie. Kisha nikafumba macho nikisubiri mtoto afe.

Hakufa. Alilegea, akavuta pumzi, akalia.

Dada aliingia mbio na majani mkononi. Alimwona mtoto kichwa kimelowa, akaniuliza kumetokea nini. Nikasema alikakamaa kidogo. Akamchukua, akamgeuza huku na huku, akampaka maji ya mululuza mwili mzima, na joto likaanza kushuka. Ndipo akanitazama machozi yakimlengalenga.

"Umempoza kichwa kwa maji, mdogo wangu. Ungekuwa mtu mwingine angekimbia. Umeniokolea mwanangu."

Nikamsaidia kumfunika mtoto kwa kanga.

Bibi alileta akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni haondoki bila kutafuna. Dada alichagua tunda moja kwenye kikapu kidogo, akalipasua kwa meno, akatoa punje mbili zilizolaliana ndani ya ganda moja. Moja akatia kinywani mwake, nyingine akanipa. Kila Mhaya anajua maana yake. Zamani waliogawana namna ile, tena punje zikiwa zimepakwa damu yao, walikuwa ndugu hadi kufa. Ndugu wa namna hiyo hawafichani jambo. Siku ile damu haikuwepo, lakini bibi mjane alipiga vigelegele kama ipo.

"Tangu leo mtoto huyu ni wako pia," dada alisema.

Nilitafuna. Lakini sikumeza; punje ile ilikaa mdomoni mpaka Muleba.

Jumapili nilisimulia. Najua nilifanya vibaya kwa mengi, lakini sitasema uongo kwamba sikujivuna, maana kwa mara ya kwanza benchi zima lilinigeukia. Mtawa alipiga makofi. Kisha msichana mmoja aliyekuwa na tabia ya kuuliza, na ambaye siku zote alinikera, akasema, "Alizikwa wapi?"

"Hakuzikwa," nikasema. "Yupo kwao. Mzima."

Makofi yakaisha. Mtawa alinitazama, mimi nikamtazama yeye, na nadhani wote wawili tuliliona kwa pamoja. Vibuyu vyetu vyote vilikuwa vinakufa. Hakuna siku tuliyojiuliza mtoto akipona tufanyeje.

Alinishika mkono akanipeleka kwa padre. Padre alisikiliza bila kunikatiza, kwa Kihaya chake cha kigeni akaniuliza jambo moja tu: "Mama yake anajua?"

"Hapana, Padre."

Alifunga kitabu kikubwa cha wabatizwa kilichokuwa mbele yake. "Utamwambia wewe. Kabla hajajua, siandiki kitu humu."

Kuanzia hapo sikulala vizuri wala kula vizuri. Nilimwogopa mume wa dada, fundi cherehani, ambaye nilikuwa sijamwona na tayari nilishamtengenezea sura ya kutisha. Niliogopa mji wa Bukoba, kwamba litatoka neno, Waislamu na Wakristo wakasimamishana barabarani kwa ajili yangu. Zaidi ya vyote niliogopa kumpoteza yeye. Sikuwa na dada wa damu. Nilikuwa nimempata mmoja juu ya magunia ya kahawa.

Mara ya kwanza nilipokwenda kwao Bukoba, yule fundi wa kutisha alikuwa mtu mwembamba mwenye futi ya kupimia nguo shingoni. Alisimama, akanipa kiti chake barazani, akaniita shemeji, akapaza sauti ndani: "Mwokozi wa mwanao amekuja!" Nilikula wali kwa nyama. Mtoto aliwekwa mapajani mwangu, amenenepa, akanivuta rozari shingoni. Nikaondoka sijasema.

Mara ya pili dada aliishika rozari ile yeye mwenyewe akaniuliza, "Hizi punje mnazihesabu vipi? Nanyi mnasema nini mkisali?" Fikirini. Watu wa njiani tulifundishwa kuwatafutia upenyo. Huyu alinifungulia mlango wote, anataka kujua kwa roho safi, na mimi nikasema ni sala tu, dada, nikaomba maji ya kunywa. Kila neno la dini lilikuwa linaelekea kwenye lile paji la uso. Nilirudi kwetu nikilia njia nzima kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu.

Mara ya tatu nilimkuta uani peke yake, anamenya ndizi, mtoto amelala kwenye mkeka. Nilipiga magoti. Nilisema vyote bila kupumua: kibuyu, maji, maneno, padre, kitabu. Nilisubiri apige kelele, amwite mume wake, anirushie kisu cha ndizi.

Aliweka kisu chini. Akafuta utomvu vidoleni.

"Midomo yake ilibadilika rangi?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na macho?"

"Yalipanda juu."

"Ukaona anakufa."

"Niliona anakufa, dada."

"Sala siogopi," alisema taratibu. "Siku ile, kama ningejua zako, ningezisali na zangu zote pamoja. Kitabu cha padre wako nacho kiache. Hapati jina la mwanangu." Kisha akamtazama mtoto mkekani. "Nilikuwa hapo nje. Hatua kumi. Mwanangu anakufa mikononi mwako, mimi nachuma majani, na wewe ukanong'ona. Mbona hukuniita?"

Kote nilikoogopa, sikuwahi kuogopa upande huo. Nilikuwa nimefikiria mbingu, na padre, na mji mzima, na mama aliyekuwa mlangoni nilikuwa nimemsahau.

Padre nilimweleza kwamba mama amejua na amekataa. Alitikisa kichwa, hakuandika.

Dada hakunifukuza. Niliendelea kwenda Bukoba miaka mingi, na mume wake aliendelea kuniita shemeji, kwa hiyo najua hakumwambia. Alinipikia, tukacheka, hata habari za rozari nilikuja kumweleza mwishowe, akasikiliza vizuri. Ila mtoto hakunipa tena kumshika. Akitaka kuinuka, hata kama ni kufuata chumvi rafuni, nami nimekaa hapo mikono mitupu, alimwinua kwanza, akamfunga mgongoni, ndipo akaenda.