Weupe wa Liwa

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye duka moja la dawa mjini Garsen, lenye aina mbili za mafuta ya kukinga jua. Mama mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Kipini, alimleta bintiye mwenye ualbino, masikio yamebabuka.

"Haya ya kemikali hayaonekani usoni," muuzaji alieleza. "Haya ya zinki huacha weupe."

Mama akarudisha mkono. "Kemikali? Kama tunayopulizia mpunga?"

"Hapana, mama. Kiasi fulani hupenya hadi kwenye damu na bado kinachunguzwa, lakini madhara hayajathibitishwa. Ya jua yamethibitishwa."

Huku kwetu neno "kemikali" liliharibiwa zamani na bomba la kupulizia dawa shambani. Binti akajaribu ya zinki usoni.

Mama akaangua kicheko. "Mwone! Kama marehemu bibi yako na liwa yake ya msandali usoni, anakwenda kupalilia!"

"Liwa ilimkinga jua?"

"Ilimpendeza tu, mwanangu."

Niliwakumbuka mama zetu wakishuka shambani na nyuso za liwa, wakinukia msandali. Sijaziona miaka mingi.

Walinunua ya zinki. Mama alimpaka bintiye masikio palepale kaunta, kisha wakatoka juani.