Panga Alilolikalia Mtani

Mie nina hasira za karibu, na sijawahi kulificha hilo. Waliokaa nami Temeke enzi za Mwingereza, wakati Temeke bado ni mihogo na minazi na nyumba za makuti, wangekwambia kwamba nikinyamaza ujue naumwa. Kwa hiyo ninaposema kuwa mie ndiye niliyetaka damu, wala si kaka, niaminiwe.

Tulikuwa watatu kwa baba na mama. Kaka mkubwa alikuwa kuli bandarini, mtu wa maneno machache, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Mie nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa kaka na sanduku langu na mdomo wangu. Wa tatu alikuwa kitinda mimba wetu, naye kuli, mwanamume mzima mwenye ndevu, lakini nilimbeba mgongoni tangu mama alipotutoka. Kwangu alikuwa mtoto tu.

Jumapili moja akarudishwa nyumbani juu ya baiskeli ya mtu, mkono wa kulia unaning'inia. Alikwenda kunywa tembo, akagombana na mgema mwenyewe, Mzaramo wa pale pale Temeke. Kisa cha ugomvi ni kigoda, nani kakikalia cha nani. Mgema akashika mchi, akamvunja nao mkono. Mganga wa viungo aliufunga kwa vijiti vya mwanzi, akasema utaunga, ila kwa miezi mitatu asiguse gunia.

Asubuhi yake nikamwambia kaka, akiwa anakunywa uji, mkewe yuko pembeni: "Mkono kwa mkono. Mgema asiye na mkono hapandi mnazi. Au nyumba hii haina mwanamume?"

Wifi yangu akashika tumbo. "Wifi, wakimfunga mume wangu, au wakimnyonga, huyu mtoto nitamwambia baba yake yuko wapi?"

Nikamwambia anyamaze, haya ni mambo ya damu yetu. Nilimwambia hivyo mwanamke ambaye damu yetu hiyo hiyo ilikuwa tumboni mwake. Mpaka leo maneno hayo yananichoma.

Kaka alimaliza uji wake taratibu, akasukutua. "Sawa," akasema. "Lakini hilo panga ni butu. Linoe, mie naoga."

Kinoo chetu, lile jiwe la kunolea, siku zote kilikaa karibu na mtungi wa maji. Asubuhi ile hakikuwepo. Nikatazama nyuma ya mafiga, nikatazama bandani kwa kuku, nikatazama hata ndani ya kinu. Chumbani kwa kaka sikuingia, maana sie hatukulelewa hivyo. Chumba cha kaka aliyeoa si cha dada kupekua. Nikampigia kaka kelele bafuni, akajibu kwamba nitafute vizuri. Nikaona huyu ataniua kwa upole wake. Nikachukua panga, nikaenda kwa jirani.

Jirani yetu alikuwa bibi wa Kizaramo, mjane wa fundi wa kuchonga vinu, na kinoo alichoachiwa na mumewe kilikuwa hakina mfano mtaa mzima. Sie Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo ya pembe vichwani. Mtani akikutukana unacheka. Akichukua chako amechukua. Ukimkasirikia unatozwa jogoo, na ukimpokonya kwa nguvu, siku ya msiba wako asije mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mbeba mizigo. Lete hilo panga nikunolee, wewe na hasira hizo utajikata."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Mnyamwezi mwenye akili zake timamu halifanyi. Ningeliweka chini nikanoa mwenyewe. Mie nikampa mkononi.

Alilinoa vizuri sana, akajaribu makali kwa kidole gumba, halafu akauliza ni la kazi gani. Nikamweleza yote: mgema, mchi, mkono, na kaka anayeoga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akalitia panga chini ya mkeka wake, akalikalia.

"Hili sasa langu," akasema. "Limeingia mkononi mwa mtani."

"Bibi, leo si siku ya utani."

"Kumbe siku unapanga wewe?"

Nikamwita mwizi. Akasema, "Jogoo mmoja." Nikamwita mchawi mkubwa. Akasema, "Wa pili huyo, endelea, nina wageni wengi." Majirani wakatoka majumbani, wakawa wanacheka, nami nalia kwa hasira katikati ya uwanja wa watu kama mtoto aliyenyimwa kitumbua.

Kaka akatokea, maji hayajamkauka mabegani. Akanitazama, akamtazama bibi alivyojikalisha. Akaamkia, akauliza majogoo wangapi. Alipoambiwa wawili, akageuka kwenda kuwakamata. Mie nikamwona mwoga.

Siku ile ile bibi alikwenda kwa mgema, Mzaramo mwenzake, akamwambia kwamba kumvunja mtani mkono kwa mchi ni aibu ya Wazaramo wote. Siku ya tatu mgema akaja kwetu, panga letu begani, bibi nyuma yake. Akapiga magoti mbele ya mdogo wangu, akasema atakuwa mkono wake mpaka ule wa kwake upone.

Miezi mitatu alitupasulia kuni, akatulimia mihogo, akatuchotea maji. Msimamizi nilikuwa mie, na Mungu anisamehe, nilimtumikisha kwa raha zangu zote. Nilimchagulia visiki vigumu. Ndoo yenye jani moja nilimrudisha nayo kisimani. Kila mara alijibu, "Ndiyo, mtani." Mwezi wa pili nikamkuta anacheza bao na mdogo wangu, na mdogo wangu anamwibia kete kwa mkono wa kushoto. Vijiti vilipofunguliwa nilikuwa nimeishiwa matusi. Wifi alipojifungua mtoto wa kike, mwezi ule wa kwanza, kaka alikuwepo mlangoni kumpokea, na mgema akaleta madafu.

Tumezeeka sasa. Juzi nilikuwa na kaka barazani, anamenya chungwa, wajukuu zake wanatupigia kelele. Nikamwambia ashukuru kinoo kilipotea asubuhi ile, la sivyo angeozea gerezani.

"Hakikupotea," akasema. "Nilikiweka uvunguni mwa kitanda changu."

Nikamtazama.

"Nilijua utakwenda kwa bibi. Na mdomo wako naujua, nilijua utamwambia."

"Kwa nini hukukataa tu, kama wanaume wengine?"

"Ningekataa asubuhi ile, mbele ya mkono wa mdogo wetu, ungenisamehe?"

Uongo sikuuona una faida tena. "Nisingekusamehe."

"Basi," akasema kaka, akanipa nusu ya chungwa.