Mama Mugo Kwenye Maua ya Kahawa

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Mchungaji ameshaniambia ni huzuni. Jirani yangu Njeru anasema ni ukungu. Mimi nilikuwepo. Wao hawakuwepo.

Kahawa yetu hapa Kanja ilipandwa na mke wangu, marehemu Mama Mugo. Watoto walipoanza kusema tuing'oe tupande parachichi, niliamua kuwaonyesha maua yake yakifunguka baada ya mvua, shamba lote likigeuka jeupe. Nilitaka ile video inayoharakisha muda, siku nzima ipite kwa dakika moja.

Nilienda Makutano kwa Kinya, aliyetutengenezea video ya mazishi ya Mama Mugo.

"Mzee, usiiache simu ijipikie video yenyewe," akaniambia. "Itazipunguza picha, video itoke ndogo. Piga picha moja moja, kubwa vile zilivyo, kila baada ya sekunde chache. Nitaziunga hapa kwa kompyuta, na nikitaka kuvuta kitu karibu, kitavutika."

"Picha elfu nzima za kichaka kimoja? Wewe unataka tu kuniuzia kadi ya kuhifadhia picha!"

"Haya, mzee wangu. Lakini ugali haurudi kuwa unga."

Nilicheka. Nikaiacha simu ijipikie. Kosa hilo ni langu, simsukumii mtu.

Siku yenyewe niliifunga simu kwenye kigingi kulipopambazuka, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, niilinde. Kabla jua halijashika, mwanamke akatokea kati ya miti ya kahawa, kiondo mgongoni, kitambaa kimemfunika mdomo hadi puani.

"Baba Mugo, umekaa kwa umande tena? Na hicho kifua chako?"

Utaamini? Nilimjibu kabla sijafikiri: "Nakuja, nakuja." Ndivyo nilivyomjibu miaka yote. Kisha nikakumbuka tulimzika. Nilipoinuka, hapakuwa na mtu. Umande kwenye nyasi haukuwa umekanyagwa.

Nikampelekea Kinya video. Mawingu yanakimbia, vivuli vinazunguka, maua yanapasuka. Video ya namna hiyo humfuta upesi mtu anayepita. Njeru alipita na ng'ombe wake, naye anaonekana kama inzi tu. Lakini nyuma ya kigoda changu, tangu picha ya kwanza, amesimama mwanamke yule wa kiondo. Hatikisiki. Mimi nilimsikia kwa muda mfupi. Yeye alikuwa nami siku nzima. Karibu na mwisho anashusha kitambaa na kuitazama simu.

"Mvute," nikasema.

Kinya akavuta. Uso ukawa vipande vya mraba, kama vigae vya bafuni. Akavuta tena.

"Mzee, hakuna kingine humu ndani. Simu ilishakitupa ilipozipunguza picha."

Mchungaji anataka niifute. Siifuti. Tangu waione, watoto hawataji parachichi tena. Hata kuingia shambani hawataki. Nimenunua kadi kubwa, na kila maua yanapotoka nafunga simu kwenye kigingi kilekile, picha moja moja, nzima. Hajarudi. Sasa naweka vigoda viwili, na wanaopita njiani wacheke wanavyotaka. Nitakaa hapo.

Nawe unayepiga picha kwenu, usikubali zipunguzwe ili upate nafasi. Hujui ni nani amesimama nyuma yako, na huenda akashusha kitambaa mara moja tu.