Bihogo Arejea Zizini kwa Hukumu

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelikumbatia boma la Bi. Kantengwa hapa Kibingo, wilayani Kyerwa. Mwenyewe amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu, anakamua huku akimsemesha kama mwanawe. Ana haki ya kumdekeza. Bihogo, ng'ombe huyu, amerudi kwa kushinda kesi.

Mwaka jana jirani alimkuta Bihogo amepotelea malishoni, akamtia zizini mwake na kudai ni wake tangu ndama. Kwa mjane huyu anayeishi kwa kuuza maziwa, lilikuwa pigo zito.

Mahakamani, jirani akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Kantengwa akanyamaza. Kwa wafugaji wa kwao idadi haitajwi hadharani, ni kukaribisha mikosi.

"Kuapa niliapa," anasema, akicheka. "Kuwahesabu ng'ombe mbele za watu, hapana."

Siku ile hakucheka. Watu ukumbini walimwona mwongo, na shahidi wake wa pekee, mzee Arinaitwe aliyemuuzia Bihogo, yuko Uganda na miguu haimbebi tena. Zamani kesi ingefia hapo.

Utaratibu umebadilika. Shahidi aliye nchi nyingine sasa husikilizwa kwa video, akiwa ameketi kwenye mahakama ya huko. Hakimu akasema idadi ya ng'ombe haihusiani na shauri, ila kila upande utaje alama za mnyama kabla hajaletwa.

Jirani akataja rangi na pembe, vitu ambavyo hata mpita njia angeviona. Kantengwa akataja kovu la chuma cha moto upande wa ndani wa paja la kushoto.

Kisha uso wa Arinaitwe ukatokea kwenye skrini. Kantengwa akasimama na kuiamkia skrini shikamoo, ukumbi mzima ukacheka, hakimu naye. Mzee hakuwa amesikia ushahidi wowote.

"Ana kovu pajani, kushoto," alisema. "Nilimchoma mwenyewe kutibu uvimbe. Mkono ulinitetemeka, limepinda."

Wakatoka hadi uani alikoletwa Bihogo, mguu ukainuliwa. Kovu lilikuwepo, na limepinda. Vigelegele vilipigwa hadi hakimu akaomba utulivu.

Sasa rafiki yake Joanitha ana kesi ya mpaka wa shamba la migomba. Wengine walioona alama za mpaka zikihamishwa wanaogopa kizimba, wanajificha. Kantengwa naye aliona.

Anafunika maziwa, anasimama na kujinyoosha mgongo.

"Nimemwambia asihangaike kutafuta shahidi mwingine," anasema. "Nitakwenda mimi."