Spika ya Kushoto

Wateja wa Nabalayo walitaniana kwamba mashine zake ni mabubu. Kibandani kwake, nyuma ya soko, alifufua kompyuta kuukuu za wanafunzi wa chuo cha Chepkoilel kwa kuziwekea mfumo wa bure uliojengwa na watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia. Zilifunguka haraka, ziliandika, zilichapisha. Sauti ikigoma, alitoa uongo uleule: "Hii ni mambo ya draiva, haiwezani. Nunua tu earphone za USB." Jaribio la sauti, lile linalotamka maneno ili kuzipima spika, hakuligusa hata siku moja.

Tusimlaumu haraka. Mumewe, Nicanor Mabonga, alikuwa mmoja wa hao wa kujitolea. Wenzake walipotaka jaribio la spika lizungumze Kiswahili, yeye ndiye aliyelirekodi, amejifungia jikoni, dirisha limezibwa kwa blanketi. Nabalayo alimkuta humo siku ambayo gesi ilikuwa imeisha. "Kazi ya bure, Mabonga. Na nani atasikia sauti yako humo?" Mabonga alituma rekodi yake, akachukua koti, akatoka kwenda Ainabkoi kutafuta kibarua. Gari lilimgonga barabarani kabla hajafika, likamuua.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo sauti ile ilikaa ndani ya kila mashine aliyoishika Nabalayo, naye akaiogopa kama mtu anavyoogopa kubisha hodi kwa jirani aliyemkosea.

Sasa kulikuwa na mtoto nyumbani. Mjukuu wake wa kiume, wa mwanawe Lazarus, alilia kutwa kucha, na hospitalini walisema hana ugonjwa. Nyanya yao, Kukhu Nakhumicha, mamake Mabonga, akaja kutoka Bungoma kufanya ifanywavyo kwao. Mtoto anayelia hivyo anataka jina la mtu wao aliyetangulia, na hutajiwa majina mpaka moja limnyamazishe. Jumapili alasiri ajuza alimpakata, akawataja babu wote. Mtoto akazidi kulia.

"Imebaki moja," Kukhu alimwambia Nabalayo. "Na wewe unajua."

"Hiyo hapana, Mama. Taja ingine yoyote."

"Basi wacha mtoto alie. Mimi nimechoka kukuona ukimkimbia mwanangu."

Nabalayo alijitia kazini, pale pale mezani. Alikuwa na kompyuta ya Kipkoech, mwanafunzi asiyeona, ambayo humsomea kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Huyo hakukubali ule uongo wa draiva. "Mama, earphone zinaniziba masikio, simsikii mwalimu," alikuwa amemwambia. "Bila spika, hii kitu kwangu ni sinia tu. Na kesho niko na mtihani." Nabalayo aliona aibu kumnyima kijana macho yake kwa sababu ya woga wake mwenyewe.

Draiva, kile kiprogramu kinachoiendesha kadi ya sauti, ilikuwa sawa. Kadi nayo ilionekana. Likabaki jaribio. Alilibonyeza akiwa amefumba macho.

Kimya.

Alipofumbua, vistari vya kijani vilikuwa vikipanda na kushuka kwenye skrini. Mabonga alikuwa akizungumza, ila hasikiki. Nabalayo alipekua mipangilio hadi akaliona kosa. Mfumo uliamini kuna earphone zimechomekwa, ukawa unamimina sauti yote huko, kwenye masikio ya mtu asiyekuwepo. Angeweza kuifunika mashine hapo na kurudi kwenye uongo wake. Badala yake aliizima amri inayonyamazisha spika earphone zikichomekwa.

"Spika ya kushoto," Mabonga alisema.

Mtoto alinyamaza katikati ya kilio.

"Spika ya kulia."

Halafu, nyuma ya sauti hiyo, kwa mbali, ulisikika mlango ukifunguka. Nabalayo aliutambua mlio wa bawaba za mlango wa jikoni kwao. Ni yeye aliyekuwa akiingia siku ile. Mabonga hakuwa amekata mwisho wa rekodi, na ilikoma pale pale, kabla mkewe hajasema neno.

Jaribio likaanza upya. Spika ya kushoto. Spika ya kulia. Mlango. Kukhu alimtazama, mtoto kifuani pake ametulia, macho wazi. Mlango ulipofunguka mara ya tatu, Nabalayo aliinamia mashine.

"Nimekusikia, Mabonga," alisema.

Mtoto hakulia tena alasiri ile. Aliyelia ni Nabalayo, na hakuna aliyemtajia jina la kumnyamazisha.