Ushuru wa Moshi na Mzee wa Kinu

Juma lililopita, katika duka la sola mjini Nyeri, niliwakuta mzee na mkewe kutoka Kiriaini. Wana kinu cha kusaga mahindi kinachoendeshwa na injini ya dizeli. Mzee alikuwa amesikia redioni kwamba huenda serikali ikatoza ushuru wa kaboni kwa mafuta yanayotoa moshi.

"Hiyo ushuru ikikuja, dizeli itanimaliza," alimwambia mwenye duka. Lakini alipoonyeshwa paneli alirudi nyuma, mikono mfukoni. "Hii ya jua haingurumi. Watu watajuaje nimefungua?"

Mkewe akamshika kiwiko. "Nitawaita mimi. Na wewe pia utanisikia. Miaka hii yote nikikuita chakula, unasema ati ni injini."

Mzee alicheka hadi akavua kofia. Kisha akaomba aonyeshwe paneli tena, na wakaagiza.

Wataalamu wanabishana kama ushuru huo utawafanya watu wawekeze katika nishati safi. Nijuavyo sasa, unaweza kumfikisha mwanamume hadi kwenye kaunta. Kutoka hapo, serikali itahitaji msaada wa wake zetu.